Lupasi: Ugonjwa Uachao Makovu Ndani ya Mwili

Mwili wa binadamu una askari wake. Hao ni chembechembe nyeupe za damu pamoja na kingamwili, yaani protini zinazotengenezwa ili kupambana na vijidudu. Katika ugonjwa uitwao lupasi, askari hao huigeukia nyumba waliyopewa kuilinda. Kingamwili hushambulia hata viini vya seli za mwili wenyewe. Ugonjwa huu hauambukizwi. Kati ya kila wagonjwa 10, takriban 9 ni wanawake, na aghalabu huanza baina ya umri wa miaka 15 na 45.

Dalili za mwanzo ni homa, uchovu, maumivu ya viungo, vidonda vya kinywani na vipele mashavuni. Katika vitongoji vya Dar es Salaam, kama vile Mbagala wilayani Temeke na Bunju wilayani Kinondoni, ni rahisi homa hiyo kudhaniwa kuwa malaria. Isitoshe, jua huuchochea ugonjwa huu, na jiji hilo liko karibu nyuzi 7 tu kusini mwa Ikweta, mahali ambapo mionzi yake ni mikali mwaka mzima.

Yafaa kutofautisha mambo mawili: ukali wa ugonjwa na dhara la kudumu. Ukali hupanda na kushuka, na dawa huweza kuutuliza. Dhara ni kovu lisilofutika. Mwaka 1996 wataalamu wa mataifa mbalimbali walichapisha kipimo cha dhara hilo, wakagawa mwili katika mafungu 12, yakiwamo figo, moyo, mapafu, macho, ubongo na mifupa. Hali huhesabiwa kuwa dhara ikiwa imedumu kwa miezi 6 au zaidi. Hesabu hiyo huweza kuongezeka, lakini haipungui.

Dhara huja kwa mawimbi mawili. Wimbi la kwanza hutokana na ugonjwa wenyewe, na figo huwa hatarini hasa. Kila figo ina vichujio vidogo wastani wa milioni 1. Kichujio kinafanana na kifumbu cha kuchujia tui: ukili ukikatika, machicha hupita. Vivyo hivyo, kingamwili zikinasa katika vichujio na kuvijeruhi, protini huvuja kutoka katika damu na kuingia katika mkojo. Kichujio kilichokufa hakioti tena, na mgonjwa huenda asisikie maumivu yoyote.

Wimbi la pili huja baada ya miaka kadhaa, pengine wakati ugonjwa umetulia. Mwaka 1976 madaktari wa Toronto, Kanada, walieleza kwamba vifo vya mapema vilitokana na ukali wa lupasi na maambukizo, ilhali vifo vya baadaye vilihusiana na mishipa ya moyo iliyoziba. Dawa nazo huchangia. Prednisoloni huokoa maisha, lakini ikitumiwa kwa wingi na kwa muda mrefu huweza kuleta mtoto wa jicho, kisukari, udhaifu wa mifupa, hata kufa kwa kichwa cha mfupa wa paja. Hata hivyo, ni hatari kuiacha ghafla, kwa kuwa mwili uliozoea dawa hiyo huwa umepunguza kutengeneza homoni yake wenyewe. Ni daktari anayepaswa kuipunguza hatua kwa hatua.

Ipo dawa nyingine, haidroksiklorokwini, ndugu ya klorokwini ambayo Tanzania iliiacha mwaka 2001 kama tiba ya kwanza ya malaria. Dawa hiyo hupunguza milipuko ya lupasi na mrundikano wa dhara, ingawa macho ya mtumiaji hupaswa kuchunguzwa mara kwa mara.

Mwaka 2017 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kupandikiza figo. Hayo ni maendeleo makubwa, lakini figo ya kupandikizwa hupatikana kwa shida na gharama. Kipimo cha protini katika mkojo ni rahisi. Ndicho wafanyiwacho akina mama wajawazito kliniki. Kijana mwenye homa inayorudi bila vijidudu vya malaria kuonekana, viungo vinavyouma na vipele mashavuni, anastahili kupimwa mkojo na shinikizo la damu. Mgonjwa wa lupasi naye apimwe kila anapohudhuria matibabu, hata siku ajisikiapo mzima. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa figo, ukuta ukishaanguka haujengeki.