Yai la Mwanamke Huzeeka Pamoja Naye

Novemba 2023, Bi. Safina Namukwaya wa Masaka, Uganda, akiwa na miaka 70, alijifungua pacha katika hospitali ya uzazi jijini Kampala. Habari zake zilienea dunia nzima, na wengi wakaamini kwamba siku hizi umri si kitu. Lakini yai lililotumika lilitolewa na mwanamke mwingine. Tumbo la uzazi likisaidiwa na homoni huweza kubeba mimba hata uzeeni. Yai halina subira hiyo.

Mtoto wa kike huumbwa na mayai yake yote. Akiwa tumboni, mimba ikiwa ya miezi mitano hivi, anayo milioni sita au saba. Akizaliwa yamebaki milioni moja hadi mbili, na akivunja ungo, kama 300,000. Yatakayopevuka maishani ni kama 400 tu. Mengine hufa yenyewe. Mwanamume, kwa upande wake, huendelea kutengeneza mbegu mpya.

Kwa hiyo yai linalopevuka mwanamke akiwa na miaka 40 limesubiri miaka 40 kukamilisha kugawanyika kwake. Kromosomu zake, yaani nyuzi zinazobeba urithi, zimeshikanishwa na protini zilizowekwa kabla hajazaliwa, nazo hulegea kama kamba iliyokaa juani. Siku ya kugawanyika ikifika, kromosomu huachana kabla ya wakati, na yai hubaki na moja ya ziada au pungufu. Mitokondria, zinazolipatia yai nguvu, nazo zimedhoofika. Ndiyo maana mimba hukawia au huharibika. Uwezekano wa kuzaa mtoto mwenye sindromu ya Down, ambao kwa mama wa miaka 20 ni kama mmoja kati ya 1,500, hufika kama mmoja kati ya 100 akiwa na miaka 40.

Elimu hii ina uzito wa pekee hapa Ediofe, penye Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu la Jimbo la Arua. Katika waraka wake Donum Vitae wa 1987, Kanisa Katoliki lilikataa utungishaji wa mimba maabarani, njia aliyopitia Bi. Namukwaya. Hata asiyezuiwa na imani atazuiwa na gharama, pamoja na safari ya karibu kilomita 500 hadi Kampala. Kwa wanandoa wa hapa, kujua mapema ndiyo njia iliyo karibu zaidi.

Hii si sababu ya kumtoa binti shuleni aolewe. Mwili mchanga nao una hatari zake. Wala si fimbo ya kumchapia mke asiyezaa, kwa kuwa mara nyingi tatizo liko kwa mume, au kwa wote wawili. Mke aliyefikisha miaka 35 asingoje zaidi ya miezi sita bila mimba. Aliye chini ya hapo, mwaka mmoja. Waende kliniki pamoja, na mume apimwe siku ileile. Na semina za ndoa ziwafundishe vijana habari za yai, kabla wazee wa ukoo hawajaanza kuuliza mtoto yuko wapi.