Mfalme Henry III na suala la wageni



Wafalme wa zamani wa Uingereza tunaowajua ni wale wenye majina makubwa: William aliyeiteka nchi mwaka 1066, Richard wa Vita vya Msalaba, John wa Magna Carta, Henry VIII wa wake sita. Yupo mwingine aliyetawala miaka 56, muda mrefu kuliko mfalme mwingine ye yote wa Uingereza katika zama za kati, lakini hata Waingereza wenyewe ukiwauliza habari zake wengi watakuna kichwa. Huyu ni Henry III, mtoto wa huyo huyo John.

Nimeona tumzungumze kwa sababu utawala wake ulitikiswa na swali ambalo sisi tunaoishi London tunalisikia kila uchaguzi ukikaribia: mgeni ni nani, anakula jasho la nani, na arudi kwao lini? Si swali la jana wala juzi. Miaka 760 iliyopita lilikuwa linapigiwa kelele mitaa ile ile tunayopanda mabasi leo. Na ukilifuatilia kwa makini utaona kuwa waliolipiga kelele siyo waliolilipia.

Mtoto wa miaka tisa

Henry alizaliwa Winchester tarehe 1 Oktoba 1207. Baba yake alikufa Oktoba 1216, nchi ikiwa vitani. Mabwana wakubwa wenye ardhi walikuwa wamemwasi John na kumleta Louis, mtoto wa mfalme wa Ufaransa, aje achukue kiti. London yenyewe ilikuwa mikononi mwa waasi. Kwa hiyo mtoto yule wa miaka tisa hakuweza kutawazwa Westminster. Akatawazwa Gloucester, mbali huko magharibi, tarehe 28 Oktoba 1216.

Aliyeiokoa enzi yake ni mzee William Marshal, mtu wa umri wa miaka sabini hivi, aliyeshika mamlaka kwa niaba ya mtoto. Mzee alifanya mambo mawili. Kwanza alipigana: Wafaransa na waasi wakashindwa Lincoln Mei 1217, na baharini karibu na Sandwich Agosti mwaka huo. Pili, aliitoa upya Magna Carta, ile ile ambayo John alikuwa ameikataa baada ya kuitia muhuri. Hapa pana jambo ambalo watu wengi hawalijui: Magna Carta iliyoingia katika sheria za nchi siyo ya 1215, ni ile aliyoitoa Henry mwaka 1225. Ya baba yake haikudumu hata miezi mitatu.

Basi Henry akakua akijua jambo moja: mfalme wa Uingereza hatawali peke yake, lazima akubaliane na wakubwa wa nchi. Kulijua alilijua, lakini kulifuata ndiyo kazi ilikuwa hapo.

Wajomba wa mke na ndugu wa mama

Mwaka 1236 Henry alimwoa Eleanor wa Provence, binti wa kusini mwa nchi inayoitwa leo Ufaransa, bado mdogo sana wa umri. Bibi harusi hakuja peke yake. Walikuja wajomba zake kutoka Savoy, kwenye milima ya Alps. Mmoja, Boniface, akawa Askofu Mkuu wa Canterbury. Mwingine, Peter, akapewa mwaka 1246 kiwanja barabara ya Strand, kando ya mto Thames. Ukipita leo mbele ya Savoy Hotel na kujiuliza jina hili limetoka wapi, jibu ni huyo mjomba.

Mwaka 1247 wakaja wengine. Mama yake Henry, baada ya John kufa, alirudi kwao Ufaransa akaolewa tena akazaa watoto kadhaa, wale wa ukoo wa Lusignan. Hao ndugu wa mama mmoja walipokuja wakapewa ardhi, fedha na wake wenye mirathi. William de Valence akawa bwana mkubwa. Aymer akachaguliwa askofu wa Winchester, jimbo tajiri kupita kiasi, ingawa elimu na umri wake vilitiliwa shaka.

Sisi watu wa pwani tuna msemo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa hawakupewa jembe, walipewa mashamba. Na mfalme alikuwa na tabia ya kuwafumbia macho: mtu akiwashitaki mahakamani, kesi haiendi. Kwa hiyo malalamiko ya Waingereza hayakuwa ya uongo mtupu. Yalikuwa na msingi. Lakini tuangalie msingi wenyewe ulikuwa nini: ulikuwa upendeleo wa mfalme, siyo ugeni wa watu. Wafanyabiashara, mafundi, mapadri na makarani kutoka ng'ambo walikuwa wengi London, wala hawakuwa na shamba la mtu. Tena mabwana waliokuwa wakilalamika wenyewe walikuwa vizazi vya Wanormandi waliokuja na William, na nyumbani bado walizungumza Kifaransa!

Deni, Oxford, na tangazo la lugha tatu

Lililovunja kikombe ni fedha. Mwaka 1254 Henry alikubali kumchukulia mwanawe wa pili, Edmund, ufalme wa Sicily ambao Papa alikuwa akiugawa. Sharti lilikuwa kulipa madeni ya Papa ya vita, marki 135,541, yaani pauni 90,000 na ushei. Fedha hizo hakuwa nazo, wala jeshi la kwenda kuiteka Sicily hakuwa nalo. Mwaka 1258 ukawa mwaka wa njaa pia. Wakubwa wakamjia Westminster na silaha, na Juni mwaka huo wakamlazimisha kukubali Masharti ya Oxford: nchi iendeshwe na baraza la watu 15, na bunge likutane mara tatu kwa mwaka. Ndugu zake wa Lusignan wakafukuzwa nchini.

Wapenzi wa lugha tusimame hapa kidogo. Oktoba 1258 lilitolewa tangazo la mfalme la kuwaambia watu wote waliapie mabadiliko hayo. Lilitolewa kwa Kilatini, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza. Kwa karibu miaka mia mbili baada ya William, serikali ya Uingereza haikuwa ikiandika amri zake kwa lugha ya wananchi. Kilatini kilikuwa cha ofisini na Kifaransa cha wakubwa. Kumbe Kiingereza hiki tunachofanyia mitihani leo kilirudi barazani kwa sababu wakubwa waligombana, na kila upande ukawahitaji watu wa chini. Hata kwetu, Wajerumani walipotaka kutawala Tanganyika kwa ukaribu, walitumia Kiswahili. Mtawala huikumbuka lugha ya watu siku anapowahitaji wenyewe.

Kiongozi wa wapinga wageni

Sasa njooni kwenye kichekesho chenyewe. Aliyekuja kuongoza harakati hizi, zenye wimbo wa Uingereza kwa Waingereza, ni Simon de Montfort. Alizaliwa wapi? Ufaransa. Alikuja Uingereza akiwa kijana, karibu na mwaka 1230, kudai urithi wa cheo cha Earl wa Leicester, na mwaka 1238 akamwoa dada yake mfalme. Yaani shemeji mgeni ndiye aliyesimama kuwafukuza wajomba wageni na ndugu wageni.

Julai 1263 ilipitishwa sheria kwamba wageni waondoke nchini wasirudi, isipokuwa wale ambao waaminifu wa nchi watakubali wabaki. Ebu fikirini maneno hayo: watakubali wabaki. Nani mwaminifu, na nani anampima? Mwezi huo huo Malkia Eleanor alitoka kwenye mnara wa Tower kwa mashua apande mto kwenda Windsor. Alipofika London Bridge watu wakamrushia mawe, matope na matusi mpaka akageuka. Alikuwa ameishi nchi hii miaka 27 na kuizalia mrithi wa kiti, lakini siku ile alikuwa mgeni tu.

Ziumiazo nyasi

Wakipigana tembo, wahenga wamesema, ziumiazo ni nyasi. Katika London ya Henry III nyasi walikuwa Wayahudi.

Jumuiya yao ilikaa karibu na Cheapside, ambako mtaa mmoja bado unaitwa Old Jewry. Kisheria walikuwa mali ya mfalme. Walikopesha fedha, na mfalme alipotaka fedha aliwakamua wao: miaka ya 1240 aliwatoza kodi mbili kubwa, marki 20,000 na kisha marki 60,000. Ili wapate kulipa, ikabidi wawabane waliowakopesha. Na wakopaji wakamchukia Myahudi, siyo mfalme aliyekuwa nyuma yake. Mwaka 1253 Henry akaweka sheria kwamba Myahudi asikae Uingereza ila kwa kumtumikia mfalme, tena avae alama kifuani. Mwaka 1255 alikubali uzushi kwamba Wayahudi wa Lincoln wamemwua mtoto wa Kikristo kwa ibada, na watu 19 wakanyongwa. Hapa hatuwezi kumtetea kwa kusema alikuwa mpole au dhaifu.

Lakini waasi nao hawakuwa bora. Simon alikuwa amewafukuza Wayahudi wa Leicester tangu mwanzoni mwa miaka ya 1230. Aprili 1264, vita vikinukia, wafuasi wake waliivamia jumuiya ya London. Waliuawa mamia, nyumba zikaporwa. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 14 Mei, Simon alimshinda mfalme Lewes na kumteka pamoja na mwanawe Edward. Januari 1265 akaita bunge Westminster lenye wawakilishi wa majimbo na wa miji pia, ambalo linasifiwa hadi leo kuwa hatua kubwa kuelekea bunge la sasa. Sifa ni za haki. Ila mtu akikusimulia bunge la Januari 1265, mwulize na habari za Aprili 1264.

Simon hakudumu. Edward alitoroka, akakusanya jeshi, na tarehe 4 Agosti 1265 Simon aliuawa Evesham na mwili wake ukakatwakatwa. Mfalme mwenyewe aliburutwa vitani kama mateka, akajeruhiwa na watu wa upande wake, ikabidi apige kelele kwamba yeye ndiye Henry. London ikatozwa faini ya marki 20,000. Mwaka 1267 ikapitishwa Sheria ya Marlborough, iliyochukua mengi ya yale waliyoyadai waasi. Vifungu vyake kadhaa bado vinafanya kazi hivi leo. Wakubwa, kwa hiyo, mwishowe walipatana. Wayahudi walifukuzwa wote nchini na Edward mwaka 1290.

Aliyoyaacha

Henry alikufa Westminster tarehe 16 Novemba 1272. Mwanahistoria David Carpenter wa King's College London ameandika maisha yake kwa vitabu viwili vinene, tangu kuzaliwa kwake mwaka 1207 hadi siku zake za mwisho, na picha inayotoka ni ya mtu mwenye huruma kwa maskini, mcha Mungu, mpenda amani, lakini mtoaji asiyejua kukataa jamaa.

Ukitaka kumwona, nenda Westminster Abbey. Kanisa hilo tunaloliona leo alilianza yeye mwaka 1245, likamgharimu kiasi cha pauni 45,000, yaani nusu ya lile deni la Sicily. Umbo lake limeigwa kutoka makanisa ya Ufaransa. Sakafu ya mbele ya madhabahu, ya mwaka 1268, ilitengenezwa na mafundi wa kutoka Rome kwa vijiwe vya rangi. Juu ya sakafu hiyo ndipo Charles III alipotawazwa tarehe 6 Mei 2023. Kitovu chenyewe cha Uingereza, bwana, kazi ya wageni.

Hata ndovu wa kwanza kuonwa na watu wa London zama zile alikuwa wa Henry: zawadi ya mfalme wa Ufaransa mwaka 1255, akajengewa banda Tower. Mtawa Matthew Paris alimchora, na kwa mchoro huo wataalamu wanamtambua kuwa ndovu wa Afrika. Alikufa mwaka 1257. Labda ndiye mwenzetu wa mwanzo kushindwa na baridi ya hapa.

Miaka 700 kamili baada ya Henry kufa, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, na wengi wao wakaishia Uingereza hii hii. Sababu aliyoitoa ilikuwa ile ile: wananyonya nchi. Ndiyo maana nasema historia hii si ya Waingereza peke yao. Mwenye nchi akilalamika kuhusu mgeni, tumsikilize kwanza, kwani huenda pana dhuluma ya kweli. Kisha tuulize: dhuluma hiyo kaifanya nani, na anayetakiwa kuilipa ni nani? Zama za Henry III majibu ya maswali hayo mawili hayakuwa mtu mmoja.