"Robbery" siyo kila wizi: lijue hili neno kabla hujaposti kwamba mzigo umeibwa

Leo siongelei bei wala picha za bidhaa. Naongelea neno moja la Kiingereza ambalo nusura limtie kijana wa watu matatani kwa sababu yangu.

Mimi nipo Nemba, wilaya ya Biharamulo. Nauza vitenge na viatu kupitia WhatsApp na Facebook. Mzigo wangu unakuja na basi mpaka Biharamulo mjini, halafu kuna kijana wa boda huniletea.

Siku moja akasimama njiani kuziba pancha. Furushi likawa juu ya benchi nje, yeye yupo kwa fundi. Kurudi, hamna kitu. Akanipigia: "Dada, mzigo umeibwa."

Nikiwa na hasira nikaingia kwenye grupu la wateja. Nikataka posti ionekane ya kiofisi, nikaandika: "Poleni wateja, our parcel boda has faced robbery."

Weee! Ndani ya saa moja watu wakawa wanaulizana majambazi walikuwa wangapi. Mwingine akasema boda lazima anawajua. Mnajua huku kwetu. Watu wanakumbuka enzi za mabasi kupita kwenye mapori ya Biharamulo kwa kusindikizwa na askari wenye bunduki. Wanakumbuka Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013 hapa Kagera, Geita na Kigoma, ambayo ililenga wahamiaji haramu na majambazi wa kutumia silaha. Ukitaja ujambazi huku, mtu hacheki.

Jioni mwenyekiti wa kitongoji akanipigia. Vijana wamemzunguka yule boda kijiweni, wamechukua funguo za pikipiki, wanataka "awataje wenzake". Akaniuliza swali moja tu: "Mama, walikuwa na silaha gani?"

Nikakosa jibu. Hakukuwa na silaha. Hakukuwa hata na mtu aliyeonekana.

Nikafuta posti, nikaandika upya kwa Kiswahili kilichonyooka, nikaenda mwenyewe kijiweni. Kijana alisalimika. Kesho yake tulienda polisi pamoja kuchukua RB. Askari wa dawati akauliza: "Kuna aliyepigwa? Kuna aliyetishiwa?" Tukasema hapana. Akasema: "Basi huu ni wizi. Msiite kitu kingine."

Ndipo nikaanza kulisoma vizuri hili neno. Twende taratibu.

1. ROBBERY MAANA YAKE NINI?
Ni unyang'anyi. Yaani wizi pamoja na nguvu au vitisho juu ya mtu. Bila nguvu wala vitisho, ni "theft", wizi wa kawaida. Mtu akivunja duka lako usiku akabeba mali na wewe umelala nyumbani, Waingereza huita "burglary".

Kwa sisi wauza nguo kuna jambo la kufurahisha. Neno hili lina asili moja na "robe", vazi refu. Zamani "robe" ilikuwa nguo iliyotekwa kwa adui. Mtu anavuliwa nguo mwilini, ndiyo robbery yenyewe.

2. SHERIA YETU INASEMAJE?
Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inatofautisha haya makosa. Wizi wa kawaida kifungo chake kinaweza kufika miaka 7. Unyang'anyi ni pale mwizi anapotumia nguvu au kutishia kuitumia wakati wa kuiba, muda mfupi kabla au mara tu baada ya kuiba, ili apate mali au asinyang'anywe. Kwa hiyo aliyeiba kimyakimya, ukamkamata, akakupiga ngumi ili aondoke nayo, naye keshaingia kwenye unyang'anyi.

Akiwa na silaha, ni unyang'anyi wa kutumia silaha. Hapo kifungo hakipungui miaka 30, na ni kati ya makosa yasiyo na dhamana. Silaha siyo bunduki tu, hata panga au kisu.

Ona umbali uliopo: neno moja, na mtu anatoka kwenye miaka 7 anakwenda 30. Na kijiweni hakuna hakimu wa kupima.

3. ROB NA STEAL
Hapa wengi tunateleza. Kiswahili chetu kinasaidia:
- Kitu HUIBWA = "steal". "My parcel was stolen."
- Mtu HUIBIWA = ukitumia "rob", iwe kweli kulikuwa na nguvu au vitisho. "I was robbed."

Usiandike "I was stolen". Maana yake wewe mwenyewe umebebwa kama furushi! Wala usiandike "they robbed my phone". Simu inaibwa, mtu ndiye anayenyang'anywa.

4. MTEJA AKIKUANDIKIA "THIS IS DAYLIGHT ROBBERY!"
Usimtishie polisi. Hajasema wewe ni jambazi. Ni msemo wao wa kulalamikia bei, kama sisi tunavyosema "unatuchinja". Mjibu kwa upole, mweleze ubora na nauli ya mzigo, mpe bei ya mwisho kama ipo.

5. UKITAPELIWA
Umetuma hela kwa muuzaji hewa, au umepokea ile meseji ya "tuma kwenye namba hii"? Hiyo siyo robbery. Ni utapeli, kwa Kiingereza "fraud". Namba ya tapeli iripoti kwa kutuma meseji kwenda 15040, na kama hela imeondoka wahi mtandao wako na polisi.

6. MZIGO UKIPOTEA, FANYA HIVI
- Eleza kilichotokea, usikipe jina. Nani alikuwepo, saa ngapi, wapi, nini kimechukuliwa. Jina la kosa waachie polisi.
- Usitaje jina wala picha ya boda, dereva au konda kwenye grupu. Hujui bado.
- Chukua RB, halafu ndiyo uwaambie wateja.

Ujumbe wangu wa sasa ni huu, unaweza kuunakili: "Ndugu mteja, mzigo wako umeibwa njiani. Hakuna aliyeumia. Tumetoa taarifa polisi. Chagua: nirudishe hela yako au nikuletee mwingine."

Kwa Kiingereza: "Dear customer, your parcel was stolen on the way. Nobody was hurt. We have reported it to the police. Would you like a refund or a replacement?"

Vile vitenge havikupatikana mpaka leo. Hasara tuligawana nusu kwa nusu na yule kijana, akalipa kidogo kidogo kwa kuniletea mizigo. Bado ndiye boda wangu. Pancha siku hizi anaziba huku furushi lipo mgongoni.

Na wewe, umewahi kuandika neno kwenye posti likaleta balaa? Tuambie kwenye komenti, wenzako wajifunze.