Maneno ya herufi tano yaliyompa Mwafrika taji la Kiingereza

Mwezi wa 11 mwaka wa 2015, mjini Perth inchini Australia, Wellington Jighere wa Nigeria alipanga vipande vitano juu ya ubao: F, E, L, T, Y. Neno «felty» ni sifa ya kitu kinachofanana na kitambaa kizito cha sufu, na hata barabarani London si rahisi kulisikia. Lilimpa pointi 36. Mbele yake katika fainali alikuwa Lewis Mackay, Mwingereza. Jighere, mwenye umri wa miaka 32, alimshinda mara nne mfululizo na kuwa Mwafrika wa kwanza kuchukua ubingwa wa dunia wa Scrabble kwa Kiingereza. Rais Muhammadu Buhari alimpigia simu kumpongeza.

Nigeria, Kiingereza ni lugha ya serikali na ya shule, kama Kifaransa kwetu. Scrabble inahesabiwa huko kuwa mchezo wa mashindano tangu miaka ya 1990, na wachezaji wanajizoeza kama timu ya kandanda.

Kwa asiyeujua mchezo: kila mchezaji anashika vipande saba, kila kipande na herufi yake na bei yake. Anaunda neno kwenye ubao, anahesabu pointi, kisha anachota vipande vingine mfukoni. Akiweka vyote saba kwa mara moja, anapata zawadi ya pointi 50. Ndiyo maana kwa miaka mingi mabingwa walikuwa wakitafuta maneno marefu tu.

Wanigeria walipiga hesabu nyingine. Neno refu linafungua ubao, na mpinzani anapata nafasi ya kushikiza lake kwenye sehemu zenye pointi nyingi. Neno la herufi tano linaacha vipande viwili mkononi, nawe unachagua vipi vibaki: S, kwa mfano, inayoongeza wingi karibu kwenye kila jina la Kiingereza. Mara nyingine wanaona neno la herufi saba na wanaliacha kwa makusudi. Mtu anayeona pointi 50 mezani na asizichukue lazima awe na moyo mgumu.

Lakini herufi tano zipi? Hapo ndipo kazi ya kukariri inapoanza, na hapo ndipo msomaji wa Kiswahili anaweza kushangaa. Herufi inayosumbua kuliko zote ni Q. Iko moja tu katika mfuko, ina pointi 10, na kwa Kiingereza karibu kila mara inafuatwa na U. Usipokuwa na U, Q inakaa mkononi kama deni. Kwa hiyo mabingwa wanakariri orodha fupi ya maneno ambamo Q haifuatwi na U. Kati ya yale ya herufi tano kuna qibla, talaq, niqab na faqir.

Yasome tena polepole. Kibla, talaka, nikabu, fakiri. Mzee wa Kasongo au wa Kindu aliyesoma madrasa tu, bila kusoma hata siku moja Kiingereza, anayajua yote manne. Ni maneno ya Kiarabu yaliyoingia Kiingereza kwa njia yake na Kiswahili kwa njia yake.

Kamusi ya mashindano inakubali pia maneno matano-matano yaliyotoka moja kwa moja kwetu: bwana, panga, jambo. La mwisho lina pointi 16 kabla ya kuongeza chochote, kwa sababu J peke yake ni 8.

Kisha kuna okapi. Mwingereza Harry Johnston, aliyekuwa mtawala wa Uganda, alisikia habari za mnyama huyo kwa Wambuti wa msitu wa Ituri, na mwaka wa 1901 wataalamu wa Ulaya walimwandika rasmi katika orodha ya wanyama. Jina walilolitumia watu wa msitu limebaki katika Kiingereza, Kifaransa na lugha nyingine nyingi. Kwa Kiingereza lina pointi 11. Kwa Kifaransa lina 16, kwa sababu K ambayo Waingereza wanaihesabu 5, Wafaransa wanaihesabu 10. Wanaocheza kwa Kifaransa Bukavu au Goma walikumbuke. Mnyama mwenyewe hayuko salama kama neno lake: porini anaishi Congo tu, tangu 2013 yumo katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka, na katika shambulio la Epulu la mwezi wa 6 mwaka wa 2012 watu waliuawa pamoja na okapi 14 waliokuwa wakifugwa pale.

Je, kukariri maneno haya ni kujua Kiingereza? Vijana wengi hapa mashariki wanajifunza lugha hiyo ili wafanye biashara Kampala au wapate kazi katika mashirika, na orodha ya Q haitawasaidia kuomba hata chai. Mimi naona ni elimu ya aina nyingine, ya jicho na hesabu zaidi kuliko ya mdomo.

Mwaka huohuo wa 2015, miezi michache kabla ya Perth, Nigel Richards wa New Zealand alikwenda Ubelgiji kushindania ubingwa wa dunia wa Scrabble kwa Kifaransa. Hakuwa anaongea Kifaransa. Alikuwa amekariri kamusi kwa muda wa wiki tisa hivi. Katika fainali alimshinda mchezaji wa Gabon, mtu anayetumia lugha hiyo kila siku. Watu walipompigia makofi, alihitaji mkalimani ili awashukuru.