Baridi Ilikuwa Inatuficha Kitu

Kila baa Nairobi, weita anakuulizanga swali moja kabla hujakalia kiti fiti: baridi ama moto? Wazee husema moto. Sisi mayut tunawacheka, tunaitisha baridi, tena ile imetoka chini kabisa ya friji. Jumamosi iliyopita, kwa keja ya Kevo huko Umoja, ndio nilishika venye wazee wamekuwa wakibonga.

Rada ilikuwa hivi: mimi, Kevo na Odush, kila msee anatoa soo tano, tunabuy saida nne tofauti, tunaonja bila kucheki lebo. Shiro hakunywangi tei, so akawa refa. Alifunga chupa na gazeti, akaziandika namba, akatuwekea maji ya kusuuza mdomo na glasi za chai.

Kama hujawahi jua, saida ni juisi ya maepo imetiwa hamira. Hamira inamanga sukari, inaacha pombe na gesi. Ukiiacha imalize sukari yote, unapata ile kavu, ya kuvuta ulimi. Ukiikatiza mapema, ama uongeze juisi baadaye, inatoka tamu. Hiyo tofauti ndio tulikuwa tunasaka.

Raundi ya kwanza, manze, hatukuskia kitu. Odush, ameapa tangu tuko kole ati anaweza jua Savanna akiwa usingizini, akachagua namba mbili. Kevo akasema hiyo ni Tusker Cider, anaijua tangu iingie soko 2017. Mimi ulimi ulikuwa ganzi, zote zilikuwa tu mapovu ya baridi.

Halafu stima ikapotea. Mtaa wote giza, watoto wanapiga nduru kwa ngazi, friji ikanyamaza. Tukawasha tochi za simu, story zikaendelea, chupa zikakaa tu hapo kwa meza. Imepita kama lisaa, Shiro akasema haya, onjeni tena.

Buda! Namba moja ilikuwa inanukia epo limekatwa saa hii, hadi ganda lake. Namba tatu, ile Kevo alikuwa ameipea alama za juu, ikageuka sirapu, hakuna mtu alimaliza. Baridi inafanya ulimi usiskie utamu vizuri, na harufu haitoki kwa glasi. So tei ya sukari mingi inajificha hapo kwa barafu, na joto ikiingia inajitoa yote. Ile kavu haikuwa na cha kuficha. Kumbe hata Uingereza, pande za Somerset kwenye saida ni kitu ya mababu, ile ya kienyeji wanaimwaga ikiwa imepoa tu kiasi, bila barafu. Wazee ni wazee kila mahali.

Shiro akachana gazeti. Namba moja ilikuwa Savanna, ile kavu, ya Afrika Kusini, iko tangu 1996. Na hiyo ndimu wasee hupenda kudunga kwa shingo ya chupa, iwache kwanza. Onja epo, ndimu itakungoja. Ile ya sirapu sitaitaja, kila mtu ajipimie na ulimi wake.

Namba nne ilikuwa saida inaitwa KO, ya nanasi na minti, ya hapa hapa Kenya, na ilileta mdahalo mrefu. Odush anasema bila epo hiyo si saida. Mimi nakataa kabisa. Nanasi tunazo, zinauzwa kwa mikokoteni kila kona, na wahenga wetu walichachisha asali na tunda la mratina kitambo sana bila kuomba mtu ruhusa. Mtu akichachisha tunda la kwao vizuri, mimi nitamheshimu.

Njaa ikaingia. Kevo akashuka kwa jamaa wa mutura pale geti, akarudi na ya soo mbili, kachumbari juu, pilipili ya kutosha. Kipande kimoja, kisha funda la ile kavu. Uchachu unakata mafuta, mdomo unabaki safi, unataka kipande kingine. Tulinyamaza wote tukitafuna kwa giza.

Stima ilirudi saa tano. Kevo akabeba chupa ya mwisho akaanza kuipeleka kwa friji, Odush akamnyang'anya kabla hajafika mlango wa jikoni.