Mwarobaini Upandwe kwa Mpango

Kila mvua za masika ziwadiapo, wananchi huhimizwa kupanda miti, na katika miji yetu ya pwani mti unaokimbiliwa kuliko mingi ni mwarobaini. Si ajabu. Mti huu uliotoka Bara Hindi hauna madai makubwa: hustahimili ukame, huridhika na udongo duni, na katika kiangazi kikali bado una majani. Mche uliokuwa kimo cha goti, baada ya miaka michache tu huketisha baraza nzima kivulini.

Sifa hizo si za kusingiziwa. Katika miaka ya 1980 miarobaini ipatayo 50,000 ilipandwa katika uwanda wa Arafa, karibu na Makka, ili kuwasitiri mahujaji na jua. Na jua la huko halina mzaha. Kabla ya hapo, mwaka 1959, mtaalamu wa Kijerumani Heinrich Schmutterer aliona huko Sudan nzige wakiteketeza majani ya kila mti, wakiuacha mwarobaini. Uchungu ule ule tuujuao sisi ndio uliowafukuza.

Juu ya dawa, yafaa tuseme wazi. Arobaini ni hesabu ya sifa, si hesabu ya hospitali. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia walieleza habari za watoto wachanga walionyweshwa mafuta ya mbegu zake: walitapika, wakashikwa na usingizi mzito na degedege, na baadhi yao wakafariki. Mzazi mwenye mtoto mwenye homa ashike njia ya zahanati, asishike chupa ya mafuta.

Lakini ila iliyo kubwa zaidi, ambayo haisemwi katika mikutano ya kuhimiza upandaji, ni kwamba yale yale yanayoupendeza mji ndiyo yanayoudhuru msitu. Mwarobaini huanza kuzaa ukiwa na miaka 3 hadi 5. Ndege na popo hula matunda, wakazitawanya mbegu wapendako, wala hawamwombi ruhusa bwana misitu. Katika Hifadhi ya Saadani mti huu umekwisha kuingia porini na kusongamana, ukiinyima miti ya asili nafasi na mwanga. Ukikatwa, kisiki huchipua upya. Shoka peke yake halitoshi.

Hata mjini pana mahali pake. Mizizi yake hutanda mbali, kwa hiyo haifai kuupanda ukutani, kisimani wala kando ya karo. Panapotuama maji hautastawi, na nguvu za watu zitapotea bure. Barabara pana, viwanja vya shule na masoko makavu, huko ndiko kwake. Wala si busara mtaa mzima kuwa wa mti mmoja. Halmashauri zichanganye na mkwaju, mti wa Afrika hii hii, ujapokuwa hukua kwa taratibu na hautamfurahisha mgeni rasmi anayetaka kuona kivuli kabla ya uchaguzi.

Katika vijiji vinavyopakana na Saadani, bustani za miche ziache kabisa kugawa mwarobaini, na ile iliyokwisha kuota porini ing'olewe pamoja na mizizi ingali michanga, kabla ya kutimiza miaka mitatu na kuanza kuzaa.