Gesi ya AC Haiishi, Inavuja

"Fundi, AC imeisha gesi, nijazie." Kuanzia Desemba, joto la Dar es Salaam linapopamba moto, maneno haya nayasikia karibu kila siku. Mteja amekuja na ugonjwa pamoja na dawa yake, na ukianza kumuuliza maswali anahisi unamtafutia bili.

Gesi ya kiyoyozi si petroli. Haiungui wala hailiwi na injini. Inazunguka ileile ndani ya mabomba yaliyofungwa: kompresa inaikandamiza, kondensa iliyo mbele ya rejeta inaipoza mpaka inakuwa kimiminika, kisha inapenya tundu jembamba la vali na kuingia evapareta, nyuma ya dashibodi. Humo inachemka upya na kufyonza joto la hewa ya ndani ya gari. R134a, gesi iliyomo katika mengi ya magari tunayoagiza yakiwa yametumika Japani, huchemka ikiwa nyuzi 26 chini ya sifuri ukiiachia hewani, kwa hiyo kuchemka ndani ya gari lililoanikwa juani si kazi kwake. Ikipungua, imetokea mahali. Gari la miaka 15 mipira yake imechoka, na kupoteza kidogo kidogo kwa miaka kadhaa tunasamehe. Lakini linalojazwa kila baada ya miezi mitatu linavuja, na mwenye gari analipia tundu lilelile.

Tena si kila baridi hafifu ni suala la gesi. Kuna dada alileta gari dogo lenye feni mbili, moja ya rejeta, moja ya kondensa. "Usiku barabara ikiwa nyeupe inagandisha, nikiingia foleni ya Mwenge inapuliza joto." Alikuwa ameshajaziwa gesi mara mbili kwingine. Nikawasha injini na AC, nikafungua boneti: feni ya kondensa imetulia tuli. Nikaigusa kwa kijiti (kidole usithubutu), ikaanza kuzunguka kwa kusuasua. Brashi za mota zilikuwa zimelika. Gari likikimbia, upepo wa barabara ulikuwa unaifanyia kazi. Likisimama, kondensa inabaki inachemka. Ile gesi aliyoongezewa nayo ilizidi kuharibu, maana ikizidi kipimo, kimiminika kinajaa kwenye kondensa, nafasi ya kupoza inapungua na presha inapanda. Tukapata mota ya mtumba Gerezani, nikaitoa gesi yote na kuipima upya.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, liangalie gari lako mwenyewe. Upepo wenyewe ni mwembamba hata feni ikiwa namba nne? Vuta droo ya dashibodi upande wa abiria. Kwa magari mengi ya Kijapani chujio la hewa liko nyuma yake. Nimekuta machujio meusi kama sufuria ya mkaa, moja likiwa na kiota cha panya. Upepo unaanza vizuri Ubungo halafu ukifika Kibaha umekata? Zima AC, acha feni ipulize robo saa. Upepo ukirudi, evapareta ilikuwa imeganda barafu. Na maji yanayodondoka chini ya gari ni dalili njema, hasa kwa unyevu wa pwani yetu. Yakilowesha miguu ya abiria badala ya lami, mpira wa kutolea maji umeziba.

Gesi ikiwa kweli imepungua, mchunge fundi anayechomeka geji injini ikiwa imezimwa na kukwambia "imebaki nusu." Kwenye joto la nyuzi 30, geji itasoma karibu psi 97 iwe gesi ni nusu au imetimia, mradi kimiminika kimebaki humo. Presha ile inafuata joto, haihesabu gramu. Kazi sahihi ni kukusanya iliyopo kwenye mtungi, si kuifungulia hewani, kutafuta na kuziba uvujaji, kuvuta hewa na unyevu kwa pampu kama nusu saa, kutazama kama mshale wa geji unatulia, kisha kuingiza gesi mpya kwa mizani. Uzito umeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Magari madogo mengi ni gramu 400 hadi 500 tu.

Uvujaji wenyewe mara nyingi unajionyesha. Gesi husafiri pamoja na mafuta ya kompresa, kwa hiyo inapotokea huacha doa la mafuta lililoshika vumbi. Tazama maungio ya mabomba, shingo ya kompresa, na uso wa kondensa, ambao hupigwa kokoto na, kwa wakazi wa Kunduchi na Kigamboni, huliwa na chumvi. Halafu tazama vali mbili za kujazia, zenye vifuniko vya plastiki vyenye herufi H na L. Mafundi wengi huvisahau juu ya betri. Gari likija bila vifuniko hivyo, mimi povu la sabuni naanza kulipaka hapo.